Je, wajua bakteria hujuaje kwamba maziwa yamefika?

Asubuhi moja, nyumbani Mji wa Kale, tukiwa kwenye chai ya maziwa na mahamri, mpwa wangu aliniuliza: "Mjomba, wale bakteria wa tumboni hujuaje kwamba leo tumekunywa maziwa?" Alikuwa amesoma kwamba bakteria aina ya E. coli hutengeneza kwa wingi kimeng'enya cha kuvunja laktosi, yaani sukari ya maziwa, pale tu laktosi inapokuwepo. Nikamjibu bila kusita kwamba laktosi ikifika huiamsha jeni ya kimeng'enya hicho, yaani maelekezo ya kukitengeneza yaliyoandikwa kwenye DNA, ule uzi wa urithi ulio ndani ya seli. Jibu hilo nimeliamini miaka mingi, na si sahihi. Kosa lake nataka nilieleze taratibu, maana limewahi kuwakaa hata mabingwa.

Hadi miaka ya 1950, wataalamu wengi walidhani kwamba sukari yenyewe huifinyanga protini, kama mfinyanzi na udongo wake, mpaka ikawa kimeng'enya kinachoweza kuikata. Mimi sikuamini hivyo, ila nilikuwa jirani yao: jeni imelala, sukari inakuja kuigutusha. Mawazo yote mawili yanaipa sukari kazi ya kuanzisha mambo.

Mwaka 1959 Arthur Pardee, François Jacob na Jacques Monod, katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, walitoa matokeo ya jaribio ambalo kila nikilisoma hunifurahisha upya. Bakteria huweza kupitishiana DNA kwa kugusana. Walichukua bakteria ambao jeni yao ya kimeng'enya ilikuwa mbovu, na jeni ya pili, iliyojulikana kuiongoza ile ya kwanza, nayo mbovu. Wakawapitishia jeni zote mbili zikiwa nzima, pasipo laktosi hata chembe. Lau sukari ndiyo iamshayo, kusingetokea kitu. Lakini kimeng'enya kilianza kutengenezwa baada ya dakika chache tu! Kisha, ilipopita saa moja na ushei, utengenezaji ukasimama wenyewe. Maana yake ni kwamba jeni ya kimeng'enya ilikuwa tayari kufanya kazi tangu ilipoingia. Ile ya pili ndiyo iliyohitaji muda ili ijaze seli kitu cha kuizuia. Jeni haikulala kamwe. Ilikuwa imebanwa, na kazi ya sukari ni kumwachisha aliyeibana.

Jacob na Monod waliandika nadharia kamili mwaka 1961, na mwaka 1965 wakapata tuzo ya Nobel pamoja na André Lwoff. Hata wao, katika makala hiyo ya 1961, walielekea kuamini kwamba kizuizi hicho ni RNA, molekuli iliyo jamaa ya DNA. Ni protini: Walter Gilbert na Benno Müller-Hill walifanikiwa kuitenga mwaka 1966.

Sasa tazama kamba ya kuanikia nguo. Kamba ni DNA. Ivishe pete ya pazia. Pete hiyo ni polimeresi, kimeng'enya kinachopita juu ya DNA kikinakili jeni. Kisha bana kibanio cha nguo mwanzoni mwa kipande unachotaka kisipitiwe. Pete imekwama. (Kama kizuizi huinyima polimeresi nafasi ya kukaa, au huiacha ikae kisha ikashindwa kuondoka, majaribio yametoa majibu tofauti.) Ili kukitoa kibanio huhitaji kugusa meno yake. Unaminya mkia, na mdomo unafunguka upande wa pili. Ndivyo inavyokuwa kwa protini hii: ina mfuko wake mbali na sehemu inayoshika DNA, na chembe ndogo ya sukari ikikaa humo, umbo zima hujisogeza kidogo na mshiko hulegea. Hulegea, nasema; mfano wa kibanio unatia chumvi kidogo, kwa sababu protini hubaki na mvuto fulani kwa DNA hata ikiwa na sukari.

Nilijiuliza pia protini hujuaje mahali pa kubana. DNA ya E. coli ina jozi za herufi (vipande vidogo vinavyoandika maelekezo yake) zipatazo milioni 4.6, na seli moja ina vizuizi hivi kama kumi tu. Nilidhani lazima nyuzi mbili za DNA zifunuliwe ndipo herufi zisomeke. Nenda Biashara Street umtazame muuza leso: zimepangwa zikiwa zimekunjwa, naye anaichomoa ile uliyoitaja kwa kuona ukingo wa pindo tu. Kingo za herufi za DNA nazo huchungulia kwenye mifereji ya nje ya uzi, na protini huzipapasa humo bila kufunua chochote.

Kupafikia mahali penyewe ni kwa kuteleza na kuruka: kibanio hushika kwa ulegevu, huteleza kipande kifupi, huachia, hushika kwingine. Mwaka 2012 watafiti wa Uppsala, Sweden, walionyesha hayo ndani ya seli hai, na wakakuta kwamba mara nyingi protini hupita juu ya mahali pake pasipo kupashika, ikarudi, ikapita tena.

Kibanio si hadithi yote. Glukosi ikiwepo, laktosi huzuiwa kuingia, na iko protini nyingine inayoisaidia polimeresi kushika DNA. Bakteria wanaogandisha mala nao wana taratibu zao. Nisemayo hapa ni ya E. coli.

Lakini kuna fumbo ambalo mpwa wangu aliliona kabla yangu. Laktosi haipenyi seli yenyewe. Huingizwa na protini ya mlangoni, ambayo jeni yake iko nyuma ya kibanio hichohicho. Tena kinachominya mkia si laktosi bali alolaktosi, sukari iliyo jamaa yake, nayo hutengenezwa kutokana na laktosi na kimeng'enya kilekile kilichozuiwa. Ufunguo umefungiwa ndani! Kinachookoa ni kwamba kibanio huponyoka mara mojamoja. Katika mwanya huo polimeresi hupita, ikaacha milango michache na vimeng'enya vichache, basi. Maziwa yakifika, hivyo vichache ndivyo vinavyoingiza laktosi ya kwanza na kuigeuza alolaktosi ya kwanza, vibanio vikaanza kuachia.