Injini ya mvuke ya mashua ya kwanza: anza na boila

Vijana wanaounda mashua ndogo za mfano, za kuendeshwa kwa rimoti, hapa Mombasa huniuliza swali moja: ninunue injini gani ya mvuke? Mara nyingi anayeuliza ameshaiona mtandaoni, silinda nene, shaba inang'aa, na pesa ameanza kuzitafuta. Nami humuuliza kwanza: boila yako, yaani kopo la kuchemshia maji, inachukua maji kiasi gani? Injini hula mvuke, na mvuke wote wa safari nzima utatoka kwenye maji machache yaliyomo ndani ya kopo la shaba. Ukilijua kopo, utaijua injini.

Kwa chombo cha kwanza cha sentimita 80 hadi 100, ushauri wangu ni injini yenye silinda mbili zinazoyumba, ambazo mvuke husukuma pistoni zake pande zote mbili, kipenyo cha silinda kisizidi milimita 10. Nitaeleza kwa nini.

Silinda inayoyumba imekaa juu ya kipini, nayo huinama huku na huku ikifuata kranki, ule mkono unaogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko. Uso wake bapa una tundu, na uso huo umebanwa kwa springi kwenye kipande kilichotulia chenye matundu mengine. Ikiinama huku, tundu hukutana na mvuke unaoingia. Ikiinama kule, hukutana na njia ya kutokea. Haina valvu ya kuteleza wala vyuma vya kuiendesha valvu hiyo, kwa hiyo hakuna mitambo midogo ya kurekebisha kila mara. Wapo wanaoidharau kuwa ni ya watoto. Meli ya Diesbar kule Dresden, Ujerumani, imebeba abiria kwa miaka mingi kwa injini ya silinda zinazoyumba iliyoundwa na John Penn wa Greenwich mwaka 1841. Mimi kwa hilo naiheshimu.

Na kwa nini mbili? Pistoni ikisimama juu kabisa au chini kabisa, mvuke hauwezi kuiondoa hapo, na injini ya silinda moja itangoja uzungushe flaiwili, lile gurudumu lake zito, kwa kidole. Juu ya meza hilo si tatizo. Lakini kwenye hori la Tudor, maji yanapwa, wewe uko ufukweni na mashua inachukuliwa kuelekea Bandari ya Zamani, kidole hicho utakipeleka vipi? Silinda mbili ambazo kranki zake zimeachana robo mzunguko hazikwami pamoja: moja ikifika mwisho, nyenzake iko katikati ya safari. Ukifungua mvuke tu, injini inaondoka. Tena ukibadilisha njia ya kuingilia iwe ya kutokea, kwa valvu ndogo inayovutwa na mota ya rimoti, inarudi kinyumenyume. Kwa mwanzo hiyo inatosha kabisa.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo pesa za watu hupotelea. Chukua silinda yenye kipenyo cha milimita 10 na pistoni inayotembea milimita 12. Nafasi yake ni kama mililita 0.94. Silinda mbili, kila moja ikisukumwa pande zote mbili, zinajaa mara nne kwa mzunguko mmoja: karibu mililita 3.8. Kwa mizunguko 800 kwa dakika, hiyo ni lita 3 za mvuke kila dakika. Katika presha ya bar 2, ambayo haiko mbali na upepo wa tairi la gari dogo, mililita moja ya maji hutoa karibu mililita 600 za mvuke. Kwa hiyo injini inakunywa mililita 5 za maji kwa dakika, kwenye karatasi. Kwenye maji, mvuke mwingine hugeuka tone mara unapogusa silinda iliyopoa, mwingine huvuja kwenye zile nyuso. Mimi huzidisha mara mbili na kuhesabu 10. Safari ya dakika 20 itataka mililita 200, na hizo ni za kutumika tu. Juu yake lazima yabaki maji ya kufunika bomba la moto, lile linalopita ndani ya boila, mpaka mwisho. Boila ya kulala yenye kipenyo cha milimita 75 na urefu wa milimita 150 inayaweza hayo.

Linganisha na Stuart 10V ya Uingereza, injini nzuri sana inayotamaniwa na wengi. Silinda yake ni inchi robo tatu kwa inchi robo tatu. Kwa hesabu ileile itataka karibu mililita 29 kwa dakika, na iko na silinda moja tu! Boila ya kuilisha itakuwa nzito, na chombo cha kuibeba kitavuka mita moja. Iache kwa mashua ya pili.

Uzito wa boila usikutishe, ilimradi ukae chini. Ilaze juu ya mkuku, katikati au nyuma kidogo, nayo itakufanyia kazi ya farumi, uzito wa kutuliza chombo. Chagua chombo kipana, cha umbo la tagi zinazovuta meli pale Kilindini. Chembamba kitapinduka ukikata kona.

Kwenye boila sina mjadala. Iwe ya shaba nyekundu, iliyoungwa kwa lehemu ya fedha. Mvuke wa bar 3 una joto la nyuzi 144 hivi, na lehemu ya risasi ya kawaida huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 183. Maji yakiisha moto ukiwa unawaka, pengo hilo linapita haraka mno. Lehemu ya fedha huvuka nyuzi 600 kabla ya kuyeyuka. Mwombe muuzaji cheti kwamba boila ilijazwa maji baridi na kusukumwa mpaka mara mbili ya presha ya kazi. Asipokuwa nacho, ipimwe hivyo kabla haijaona moto. Valvu ya usalama na geji lazima ziwepo.

Maji ya kisima hapa kisiwani yana chumvi na chokaa, kwa sababu yamepita kwenye mwamba wa matumbawe. Yataacha ukoko ndani. Tumia maji ya mvua yaliyochujwa vizuri, au maji ya betri, lakini soma chupa uhakikishe ni maji matupu na si asidi. Ya bahari hata usiyafikirie.

Kuhusu moto, spiriti ni rahisi ila ndimi zake hazionekani vizuri juani, na watu huungua. Gesi ni bora. Tangi dogo lililoandikiwa butani lijazwe butani, lisijazwe kutoka kwenye meko: gesi yetu ya kupikia imechanganywa na propani, ambayo presha yake ni kubwa zaidi, na jua la Nyali saa saba mchana huipandisha zaidi. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama chini ya chombo. Acha matundu ya hewa, na upepee ndani kabla ya kuwasha.

Ukipata injini iliyokwisha kutumika, ishike. Zungusha shafti polepole, isikwame popote. Vuta silinda kwa kidole itengane na kipande chake, utazame nyuso zote mbili kwenye mwanga: zikiwa na mikwaruzo inayotoka tundu moja hadi jingine, mvuke utapita hapohapo. Tia tone la mafuta, chomeka mpira mwembamba, kisha puliza kwa mdomo. Injini ndogo iliyo nzima itazunguka kwa pumzi yako. Ikikataa, jaribu upepo wa kompresa kwa fundi wa pancha, presha ndogo. Ikigoma na hapo, mrudishie mwenyewe.

Pesa itakayobaki, nunua kikopo cha kutia mafuta kwenye mvuke unaoingia kwenye injini, na mafuta mazito ya silinda za mvuke. Mafuta ya gari huoshwa na unyevu. Baada ya kila safari mwaga maji yaliyojikusanya chini ya kikopo, ujaze upya. Weka pia mtego wa mafuta kwenye njia ya kutokea, hasa kama utaomba kuendesha kwenye bwawa la kuogelea la watu. Propela iwe kubwa na yenye mbawa zilizopinda vizuri, zisukume maji mengi kwa kila mzunguko, maana injini hizi huzunguka taratibu lakini zina nguvu. Ile ndogo ya mota ya umeme itachapa povu tu. Majaribio ya Tudor yafanye alfajiri siku za maji mafu, maji yakisimama, na uwe na mwenzako kwenye dau.