"Niko kwenye waya, fundi": dhana potofu kuhusu pakiti zinazopotea

Ndani ya wiki moja nimeisikia mara tatu: kwa mhasibu wa Kariakoo, kwa kijana wa Mbezi anayefundisha lugha mtandaoni, na kwa mama mwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Wote sauti zao zinakatika wakiwa kwenye mikutano ya video. Nikawauliza wameunganishwaje, nao wakanijibu kwa uhakika uleule: "Niko kwenye waya, fundi. Kwa hiyo si Wi-Fi, ni hao wanaotuuzia intaneti." Wote watatu walikuwa wanapoteza pakiti, yaani vile vipande vidogo ambavyo data hukatwa ili kusafirishwa, hewani.

"Niko kwenye waya, Wi-Fi hainihusu"

Waya unaouona nyuma ya kompyuta ni kipande kimoja tu cha njia. Cha kuuliza ni upande wake wa pili umechomekwa wapi. Wa mhasibu ulichomekwa kwenye ripita, kifaa cha kurefusha Wi-Fi, iliyobandikwa ukutani, na ripita hiyo inaongea na ruta, vyumba viwili mbele, kwa Wi-Fi. Kompyuta inaonyesha alama ya waya, naye anaiamini, lakini hakuna pakiti yake hata moja inayofika kwenye ruta bila kupita hewani. Kijana wa Mbezi alikuwa na vyote viwili kwa pamoja: waya umechomekwa na Wi-Fi imewashwa, na kompyuta ikawa imejichagulia Wi-Fi. Kwa yule mama, waya ulitoka kwenye kompyuta hadi swichi (kisanduku cha kuunganisha nyaya), swichi hadi ruta, ruta hadi juu ya paa, na huko juu kuna antena ya redio inayoelekea mnarani. Nyumba na ofisi nyingi ambazo faiba haijazifikia ndivyo zilivyofungwa. Ni waya, redio, halafu waya tena.

Hili linanichosha kuliko mengine yote kwa sababu mtu akishaamini kwamba yuko kwenye waya, hapimi tena. Anampigia mtoa huduma wiki baada ya wiki, analalamika, anahama kampuni, na ripita yake anahama nayo.

Waya na hewa haviharibiki kwa namna moja. Kwenye Wi-Fi, kila kinachotumwa hujibiwa na mpokeaji. Jibu lisipokuja, mtumaji anarudia tena na tena kabla ya kukata tamaa. Ndiyo maana Wi-Fi mbovu huanza kwa kuchelewa: pingi, yaani pakiti ndogo ya majaribio inayotumwa ili irudishwe, kwenda kwenye ruta yako mwenyewe, ambayo ilipaswa kurudi ndani ya milisekunde 2 au 3, inaruka hadi 80, inafika 200, inarudi 3. Ukifikia hatua ya kuona pakiti zinapotea kabisa, jua hewa hapo ilishachafuka zamani. Waya haurudii. Swichi ikipokea data iliyoharibika njiani inaitupa kimya kimya, haimwambii mtu. Matokeo yake ni 1, 1, 1, kimya, 1, 1. Muda haubadiliki, ila kuna mapengo. Ukiona mapengo ya namna hiyo, shika waya, achana na chaneli za Wi-Fi.

Na kati ya kompyuta na ruta yako kwa waya, idadi inayokubalika ni sifuri. Si asilimia moja. Ni sifuri kati ya pakiti elfu.

Pima hivi. Zima Wi-Fi kabisa, chomeka kompyuta moja kwa moja kwenye ruta kwa waya mfupi, kisha andika ping -n 500 na anwani ya ruta yako, kwa mfano 192.168.1.1. Usiridhike na pingi nne ambazo Windows hutuma usipoiambia idadi. Njia inayopoteza asilimia 2 itaonekana nzima zaidi ya mara tisa kati ya kumi ukiipima kwa pingi nne, wakati kwa pingi 500 utaona takriban kumi hazijarudi. Ikitoka safi, chomoa waya, washa Wi-Fi, rudia ukiwa palepale unapokaa kufanya kazi. Mwisho fungua madirisha mawili kwa wakati mmoja, moja lipingi ruta, jingine 8.8.8.8, anwani ya Google iliyo nje kwenye intaneti. Yakipoteza yote mawili pamoja, ugonjwa uko ndani kwako. Ruta ikiwa safi na nje kunapotea, endelea mbele. Mwenye antena ya paani apingi pia anwani ya ile antena, maana waya unaopanda juu ni wa kwake na ndio unaopigwa jua na mvua.

Mimi hutembea na waya wa mita moja ambao nauamini, na naomba kila ofisi iwe nao. Nyaya nyingi za bei poa ni alumini iliyopakwa shaba. Zinakatika ukizikunja, na zikibeba umeme wa kupanda hadi kwenye antena, umeme unafika juu umepungua. Angalia pia poti imekubaliana kasi gani. Gigabiti inahitaji nyuzi zote nane, megabiti 100 inatosheka na nne, kwa hiyo poti iliyopaswa kusoma 1000 ikisoma 100, mara nyingi kuna uzi haujashika. Kata kichwa, krimpu upya. Huku pwani, vichwa vilivyoachwa nje bila kufunikwa huota kutu ya kijani kwa sababu ya chumvi ya hewani, na nikivifungua huwa sishangai tena.

"Nikiongeza kifurushi itaisha"

Haitaisha. Mwaka 1997 Matthew Mathis na wenzake waliandika kanuni inayoonyesha jinsi upotevu unavyobana muunganisho mmoja wa TCP, utaratibu unaobeba sehemu kubwa ya data ya intaneti na kutuma upya kilichopotea. Chukua seva iliyo Ulaya, safari ya kwenda na kurudi milisekunde 150, upotevu wa asilimia 1. Kwa kanuni hiyo unabaki na takriban Mbps 1. Uwe umelipia 10 au 100, ni ileile. Mbinu mpya za kutuma zimepunguza makali hayo, lakini kwenye simu za sauti hazisaidii: sauti hutumwa kama pakiti 50 kwa sekunde, na iliyopotea haisubiriwi. Kipimo cha spidi unachonionyesha kwenye simu hufungua miunganisho mingi kwa mpigo kwenda kwenye seva ya jirani, kwa hiyo kinaficha kidonda chenyewe.

"Pakiti zikipotea, bando langu linaliwa"

Hii imetokana na lugha. Baadhi yetu tumekuwa tukisema "vifurushi vinapotea", mteja akaelewa kifurushi alichonunua. Ndiyo maana nasema pakiti. Pakiti kupotea si kifurushi chako kupotea.

"Mvua ndiyo inakata"

Kwa dishi la setilaiti, ni kweli. Kwa redio ya paani ya gigahezi 5 na umbali wa kilomita chache, matone yenyewe karibu hayana athari. Kinachokata ni maji yaliyoingia kwenye kichwa cha waya, au mwembe wa jirani uliokua ukafika kwenye njia ya antena. Majani yakilowa yanazuia zaidi kuliko yakiwa makavu. Panda juu uangalie kabla ya kulaumu mawingu.

"Waya wa baharini umekatika"

Ulikatika kweli. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Afrika Mashariki yote ilijua siku hiyohiyo. Kama ni wewe peke yako na jirani yuko sawa, bahari haihusiki.

"Kuna nyota kwenye tracert, basi pale ndipo panapopotea"

Tracert ni amri ya Windows inayoorodhesha ruta zote, yaani vituo, ambazo pakiti inapitia; kituo kisipojibu huwekwa nyota. Watu wa IT wa maofisini ndio wanaonitumia hii, na picha zimechorwa duara jekundu. Ruta nyingi za njiani zimepangiwa kujibu vipimo kwa uchache, au zisijibu kabisa, huku zikipitisha pakiti zako vizuri. Kituo cha tano kikionyesha nyota, na cha sita hadi cha mwisho vinajibu vizuri, hakuna kilichopotea pale. Upotevu wa kweli ukianza mahali unaendelea hadi mwisho wa njia. Kwa hiyo anza kusoma chini: kama mstari wa mwisho ni safi, usimpigie mtu simu. Kama si safi, panda juu mstari kwa mstari hadi ufike pale ulipoanzia, na huo ndio unaonitumia, pamoja na zile pingi 500 za ruta kwa waya na 500 za Wi-Fi.