Kuchana sana hakukuzi nywele

"Chana kila mara, zitakua." Wengi tumeyasikia maneno haya tukiwa tumebanwa katikati ya magoti ya shangazi, chanuo likipita kavukavu kuanzia kwenye ngozi. Si kweli. Unywele hukua kutoka kwenye shina lake ndani ya ngozi, takriban sentimita 1 kwa mwezi, na sehemu inayoonekana nje haina uhai. Huwezi kuihimiza. Kuikata, hilo unaweza.

Nywele za kipilipili hasa hukatika upesi, maana kila mkunjo ni mahali dhaifu, na ukivuta kutoka juu fundo linazidi kukaza. Anzia nchani: shika fungu dogo, libane kwa vidole karibu na ngozi ili kichwa kisivutwe, fungua ncha, kisha panda taratibu. Ziwe na maji na kondishena hadi zitereze. (Wenye nywele za singa wasubiri zikauke kidogo, kwani zao hukatika kirahisi zikiwa chepechepe.)

Kifaa? Chanuo la meno mapana kwanza. Pitisha kidole kati ya meno. Ukigusa ukingo mkali wa plastiki, liache dukani. Brashi ya nywele yenye meno laini yanayopinda inafaa pia. Kitana kibaki cha kuchora mistari ya kusukia.

Na nywele 50 hadi 100 kudondoka kwa siku ni kawaida. Ukifumua misuko ya wiki tatu utaona rundo, kwa sababu zilizong'oka siku zote hizo zilikosa pa kutokea.