Askofu Weston hakuwa kibaraka wa serikali

Muheza na Tanga mjini bado utasikia kwamba Askofu Frank Weston wa Kanisa la Anglikana, ambaye dayosisi yake ya Zanzibar ilifika hadi Magila, alikuwa mtu wa serikali ya Kiingereza aliyevaa msalaba. Ushahidi unaotolewa ni mmoja: mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, aliongoza kikosi cha wapagazi wa Zanzibar upande wa Waingereza.

Hilo ni kweli, na halifai kufichwa. Wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa kwa makumi ya maelfu katika vita vile, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi.

Lakini wasemao hivyo huishia 1916. Mwaka 1919 Gavana Northey wa Kenya aliwaagiza maofisa wake wawahimize Waafrika kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi, na kila mtu alijua kuhimizwa na bwana shauri, yaani ofisa wa serikali ya kikoloni, maana yake ni kulazimishwa. Viongozi wengine wa misheni walikuwa tayari kuukubali ulazima huo endapo ungewekewa masharti. Weston alikataa katakata. Mwaka 1920 alitoa kijitabu kikali dhidi ya kazi za shuruti, akiishambulia serikali ileile aliyoitumikia vitani.

Je, aligeuka? Sidhani. Utii wake wa kwanza ulikuwa kwa Kanisa. Mwaka 1913 alikuwa ameshawashtaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa uzushi, kwa sababu walishiriki ibada na Waprotestanti wengine kwenye mkutano wa misheni kule Kikuyu, Kenya.