Waifai inakatika, skrini ya bluu inatokea, na wewe unataka nikupigie Windows

"Fundi, nipigie tu Windows, tatizo nalijua." Anayesema hivyo huwa ameshika laptopu ambayo waifai yake inakatika kila baada ya muda, halafu katikati ya kazi inatoa skrini ya bluu na kujiwasha upya. Nikimuuliza Windows hiyo ilipigwa lini, ananijibu bila aibu: "Wiki iliyopita, hapo jirani." Na bado anataka ipigwe tena, yaani ifutwe na kusakinishwa upya! Kama dozi umemaliza na homa iko palepale, unarudia dozi ileile kwa nini?

Imani hii naijua ilikotoka. Zama za Windows XP, flashi ikipita kwenye intaneti kafe moja tu ilitoka na virusi vya kugawia mtaa mzima. Folda zinageuka njia za mkato, kompyuta inakuwa nzito, na kweli kufuta kila kitu kulikuwa rahisi kuliko kusafisha. Mafundi wengi tulijifunzia kazi hapo. Shida ni kwamba zama zimepita, dawa imebaki ileile, na sasa inatumika hata kwa waya uliochomoka.

Kabla ya yote, hakikisha mgonjwa ni laptopu. Shika simu yako, kaa palepale, tumia waifai ileile. Simu nayo ikikatika, nenda kagombane na ruta au na bando lako, mimi niache. Kisha iunganishe laptopu kwenye hotspoti ya simu. Ikitulia saa nzima, ishuku ruta. Ikikatika na hapo, sasa tuongee.

Kinachoniudhi kuliko yote ni kwamba kupiga Windows kunafuta ushahidi. Kompyuta ikianguka huwa inaandika. Skrini ya bluu kwa kawaida inaacha faili dogo ndani ya C:\Windows\Minidump. Event Viewer, daftari la matukio la Windows yenyewe, inaweka saa, dakika na sekunde. Waifai nayo ina daftari lake, ambalo watu wengi hawajui kama lipo: fungua Command Prompt kwa haki za msimamizi, andika netsh wlan show wlanreport, utapata ukurasa wenye grafu ya siku 3 zilizopita, unaoonyesha ilikatika saa ngapi na kwa sababu gani. Ni ruta iliyokutoa? Ni draiva, ile programu inayoendesha kifaa, iliyojizima? Ni laptopu iliyolala? Yote yamo. Jamaa wa hapo jirani amevifuta vyote hivyo, na hela ukampa.

Sasa twende kwenye kusoma huo ushahidi, maana hapa napo kuna wajuaji.

Ukifungua Event Viewer utakuta tukio jekundu la Kernel-Power, namba 41. Mtu anaona neno "Power", anakimbilia dukani kununua chaja. Namba 41 haisemi kwamba umeme una shida. Inasema tu kwamba kompyuta imewaka na kugundua kuwa mara ya mwisho haikuzimwa kistaarabu. Ni sawa na kuandikiwa "jana hukuaga". Kwa nini hukuaga, haijui. Cha maana kiko ndani yake, kwenye maelezo ya kina, mstari wa BugcheckCode. Ukiwa 0, ujue hakuna skrini ya bluu iliyorekodiwa: labda iliganda ukashikilia batani, labda umeme ulikata na betri ni pambo, labda ilizidiwa joto ikajizima. Ukiwa na namba nyingine, hiyo ndiyo namba ya skrini ya bluu, ila imeandikwa kwa desimali. Ndiyo maana watu wakiitafuta mtandaoni hawaelewi kitu. 159 pale ni 0x9F ya kwenye skrini. 292 ni 0x124.

Hiyo 0x9F, DRIVER_POWER_STATE_FAILURE, ndiyo inayounganisha malalamiko yako mawili. Windows inaiamuru kadi ya waifai ilale ili kuokoa betri, baadaye inaiamsha. Kadi au draiva yake haiitiki. Ikichelewa kidogo, wewe unaona waifai imekatika na kurudi. Isipoitika kabisa, Windows inangoja weee, mwisho inaamua kuanguka. Umekuja ukisema laptopu ina magonjwa mawili, kumbe mara nyingi ni moja. Ingia Device Manager, fungua kadi ya waifai, kichupo cha Power Management, toa tiki inayoruhusu kompyuta kuizima. Kwenye laptopu nyingi mpya kichupo hicho hakipo, na hapo dawa inabaki kuwa draiva sahihi.

Halafu kuna hili jina la faili. Skrini ya bluu au programu ya kusoma minidump inataja ntoskrnl.exe, na mteja anakuja amejaa hoja: "Nimesoma, ni faili la Windows lenyewe limeharibika, kwa hiyo Windows ipigwe." Jamani. Ntoskrnl ni kiini cha mfumo. Kila kitu kinapita kwake, kwa hiyo kila kitu kikianguka kinaangukia kwake. Vivyo hivyo ndis.sys na netio.sys, ambazo ni sehemu za Windows zinazobeba mtandao. Zikitajwa, mimi naangalia nani alikuwa amesimama juu yake: draiva ya waifai, VPN ya bure uliyopakua, antivirusi ya majaribio iliyokwisha muda na bado imekaa. Nafungua minidump kwa WinDbg, programu ya Microsoft ya kusomea mafaili hayo, na kufuata orodha ya waliopita hapo. Anayetajwa juu kabisa mara nyingi ndiye aliyekanyagwa.

Asiyeamini akumbuke tarehe 19 Julai 2024. Kompyuta za Windows takriban milioni 8.5 duniani, kwa makadirio ya Microsoft, zilianguka kwa skrini ya bluu kwa sababu ya faili moja bovu la sasisho la CrowdStrike, kampuni ya programu za ulinzi wa kompyuta. Ndege zilibaki chini, hospitali zikakwama. Tiba iliyotangazwa ilikuwa kuingia Safe Mode, yaani kuiwasha Windows na vitu vya lazima tu, na kufuta faili hilo. Faili moja.

Draiva, basi. Watu hudhani Windows mpya inakuja na draiva mpya. Inategemea imetoka wapi. Flashi inayozunguka mitaani ina Windows iliyopakuliwa zamani, ina mkusanyiko wa draiva zinazobahatisha kila kadi duniani, na ina kiamshi cha wizi, cha kuifanya Windows isiyolipiwa ionekane halali, kilichoanza kwa kuizima Defender, antivirusi ya Windows yenyewe. Kadi inaonekana, waifai inashika, mteja anafurahi, anaondoka. Draiva ile ni ya ndugu wa kadi yake, si ya kadi yake. Chukua draiva kwenye ukurasa wa kampuni iliyotengeneza laptopu, kwa namba ya utambulisho (serial number) iliyoandikwa chini ya mashine. Na kama tatizo limeanza juzi baada ya sasisho la Windows, kitufe cha Roll Back Driver kipo palepale kwenye Device Manager. Kimekaa miaka kinangoja mtu akiguse.

Na tafadhali, "nimezima nikawasha" si sawa na Restart. Fast Startup ikiwa imewashwa, ukibonyeza Shut down kiini cha Windows kinahifadhiwa kwenye diski na kurudishwa kilivyokuwa, pamoja na draiva iliyochanganyikiwa. Restart ndiyo inayoanza upya. Ndiyo, najua inasikika kinyume.

Sasa chukua bisibisi. Kwenye kadi ya waifai kuna vichwa viwili vya duara, vidogo kuliko punje ya mchele, na waya mbili nyembamba, mara nyingi moja nyeusi na nyingine nyeupe, zinazopanda hadi kwenye fremu ya kioo. Hizo ndizo antena. Vinabonyezwa tu, na ukivibonyeza vizuri unasikia kama "tik" kwenye kucha. Fundi aliyefungua laptopu kubadilisha RAM au kusafisha feni akimaliza bila kurudisha kimoja, waifai haifi. Inakuwa ya kusuasua: ukikaa karibu na ruta unapata, ukihamia chumbani inakata. Ruta iko mita mbili na nguvu ya mawimbi inasoma -80 dBm, badala ya -40 au -50 (ikiwa mbali zaidi na sifuri, ni dhaifu zaidi)? Usiguse programu yoyote. Fungua. Waya zikipita kwenye bawaba nazo huchoka kwa kufungua na kufunga kioo, na hiyo huigundui kwa kutazama.

Jambo jingine watu hunicheka nikilitaja: vifaa vya USB 3 vinavuruga waifai ya gigahertz 2.4. Sijalitunga. Intel waliliandikia waraka mwaka 2012. Ukichomeka diski ya nje na waifai ikaanza kuyumba, sogeza diski kwa kebo ndefu, au hamia gigahertz 5. Hiyo ndiyo tiba nzima.

Joto nalipitia haraka: inazima ghafla bila skrini ya bluu, hasa ukicheza gemu au kuhariri video? Vumbi kwenye feni na grisi ya prosesa iliyokauka. Safisha.

Kipimo ninachokipenda ni Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, ya kwenye flashi. Iwashe bila kuisakinisha, tumia laptopu jioni nzima. Ikianguka na huko, Windows haina hatia na kupigwa kwake ni kupoteza muda. Isipoanguka, bado sitaapa. Linux inaitumia kadi kwa draiva nyingine na kwa utaratibu mwingine wa kuokoa umeme, kwa hiyo kadi mbovu inaweza kutulia huko na kusumbua huku. Memtest, programu ya kupima RAM, nayo nimeiona ikipita usiku kucha bila kosa, tukabadilisha RAM hata hivyo na laptopu ikapona. Ile 0x124 inasema vifaa vyenyewe vimeripoti kosa, lakini kama ni prosesa, mazabodi au umeme unaowafikia, benchi la mtaani mara nyingi halitoi jibu la kuapia. Kuna siku nabadilisha kadi ya waifai bila ushahidi kamili, kwa sababu kadi ni bei rahisi kuliko saa zangu za kutafuta. Ila uliza kwanza kama mashine yako inaikubali, maana baadhi ya laptopu za zamani zinakataa kuwaka zikikuta kadi isiyo kwenye orodha yao.

Nami hupiga Windows. Diski ikiwa imekufa na nimeweka mpya, nitapiga. Mafaili ya mfumo yakiwa yameoza na diski imepimwa ikaonekana nzima, nitapiga, kutoka nakala ya Microsoft yenyewe.

Kwa hiyo ukija, usifute kitu. Piga picha skrini ya bluu kwa simu, hata ikiwa na ukungu. Niambie ulikuwa unafanya nini, na nini kilikuwa kimechomekwa. Na uje na chaja unayoitumia nyumbani kila siku, hata kama imefungwa selotepu, si ile nzuri uliyoazima kwa shemeji ili uonekane vizuri dukani.