Kuskani vigae vya kale vya pwani: dhana na ukweli

Udongo wa makazi ya kale ya Unguja Ukuu (Unguja), Tumbe (Pemba) na Shanga (kisiwa cha Pate) umejaa vigae, yaani vipande vya vyungu vilivyovunjika, vya kati ya karne ya 7 na ya 10. Vingi ni vya mitungi yenye shingo, iliyochorwa pembetatu kwa ncha kali kabla udongo haujakauka.

Dhana: Ukishaskani kigae, umbo la chungu kizima limejulikana.

Skana, kifaa kinachopima umbo la kitu na kutoa modeli yake ya pande tatu kwenye kompyuta, husoma kilichopo tu. Kipenyo cha mdomo ni makadirio yanayotokana na mpindo wa ukingo. Chukua kigae cha ukingo chenye sentimita 6 kutoka ncha hadi ncha. Ikiwa mdomo ulikuwa na kipenyo cha sentimita 20, mpindo huo una kina cha milimita 4.6 katikati, ikiwa ni sentimita 24, kina ni milimita 3.8. Tofauti haifiki hata milimita 1, na vyungu hivi vilifinyangwa kwa mkono bila gurudumu, kwa hiyo ukingo huweza kuyumba zaidi ya hapo. Ukikosea ukaweka 24 badala ya 20, ujazo wa chungu cha umbo lile lile unazidi kwa karibu robo tatu! Kigae kisichofikia sehemu moja ya kumi ya duara la mdomo kisiingizwe kwenye hesabu za ujazo.

Dhana: Programu itajua yenyewe kigae kilisimama vipi kwenye chungu.

Programu nyingi huchukulia kwamba mdomo ni duara kamili. Kwanza kisimamishe kigae, ukingo chini, juu ya kioo bapa, kisha weka taa nyuma yake. Kiinamishe taratibu hadi mwanga usipenye chini ya ukingo: huo ndio mwinamo wake. Mwanga ukigoma kuzibika, ukingo wenyewe umeyumba. Toa michoro miwili, ya mwinamo mkubwa na mdogo, usichague mmoja kwa kubahatisha.

Dhana: Modeli laini ndiyo safi.

Kulainisha hufukia mikwaruzo ya pembetatu. Hifadhi faili ghafi daima.

Dhana: Kigae kinachong'aa kipuliziwe poda tu.

Poda huzima mng'ao unaoiacha modeli na matundu, lakini sampuli ya mabaki ya mafuta ya chakula ichukuliwe kwanza, maana poda inaweza kuichafua. Mara nyingi kupunguza mwanga na kubadilisha pembe kunatosha kuziba matundu ya modeli.

Dhana: Picha za kamera hazifai.

Zinafaa, maana programu huziunganisha kuwa modeli, mradi kila picha irudie sehemu kubwa ya iliyotangulia na rula ionekane kando ya kigae. Bila rula, modeli haina ukubwa: kibakuli na mtungi wa maji hulingana.