Umeuza lenzi ukanunua bodi? Haya, tuongee

Jumapili asubuhi, bado nina uchovu wa harusi ya Mbezi, zinaingia meseji kumi na mbili za WhatsApp mfululizo. Zote picha. Ukumbi wa taa za zambarau, bibi harusi anaingia na shela lake, uso umejaa chenga kama televisheni ya mgongo iliyopoteza antena. Chini yake kijana kaandika: "Kaka shikamoo. Nimehamia fulufremu wiki iliyopita ila naona ISO inazingua. Au nimeuziwa bodi mbovu Kariakoo?" Kwa mgeni: bodi ni kamera bila lenzi, sensa ni kipande cha ndani kinachonasa mwanga, fulufremu ni kamera ya sensa kubwa, kropu ni ya sensa ndogo, na ISO ni namba ya kung'arisha picha, ikipanda sana chenga zinatokea.

Nikamuuliza anatumia lenzi gani. Ile iliyokuja na bodi, 28-70 ya f/3.5-5.6 (28-70 ni milimita, yaani inavuta kiasi gani; f ni ufunguzi wa lenzi, na f ndogo inaingiza mwanga zaidi). Na zile lenzi zako mbili za Sigma, 30 na 56 za f/1.4, ziko wapi? Kimya. Nikaona anaandika, anafuta, anaandika tena. Mwisho: "Niliziuza kaka. Si za kropu zile? Nikaongezea hela ya bodi."

Huyu ni wa nne mwaka huu. Wa nne! Wa kwanza nilimpigia simu nikamweleza kwa upole saa nzima. Wa pili nikamtumia voisi ya dakika tisa. Sasa naandika hapa, na wa tano nitamtumia linki, asinikasirikie.

Bodi yake haina ubovu wowote. Alichokifanya ni hiki. Zamani, kwenye ukumbi uleule, alikuwa anapiga na 56 kwa f/1.4, shata (muda wa kunasa mwanga) 1/200 ya sekunde, ISO 1600. Sasa akivuta hadi 70 lenzi yake haifunguki zaidi ya f/5.6. Hesabu mwenyewe kwa vidole: 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6. Stopu nne, na kila stopu inakata mwanga nusu. Mwanga unaofika kwenye sensa umebaki moja ya kumi na sita. Ili abaki kwenye 1/200, na lazima abaki maana watu wanacheza, ISO inapanda mpaka 25600. Ni kweli sensa ya fulufremu ni kubwa, milimita 36 kwa 24, eneo lake ni mara mbili na kitu ya ile ya kropu, na ukubwa huo unamrudishia stopu moja na chenji. Kwa hiyo katoa nne, kapewa moja na chenji. Halafu ananiuliza chenga zimetoka wapi.

Kinachouma zaidi ni kwamba hakuwa na sababu ya kuziuza. Mdomo wa lenzi, pale inapofungwa kwenye bodi, ni uleule, Sony E. Zile Sigma zingekaa kwenye bodi mpya bila adapta, bodi ingejikata yenyewe iwe kropu, na megapikseli 24 zingebaki 10 hivi. Kumi ni chache? Picha ya albamu ya inchi 8 kwa 12, ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, inataka pikseli 3600 kwa 2400. Hiyo ni megapikseli 8.6. Na mteja wake wa kwanza kuiona ataiona WhatsApp, ambako itakuwa imeshaminywa hata ungeipiga kwa darubini ya anga.

Sasa tuje kwenye hili neno "za kropu", kwa sababu ndipo uchawi wote ulipo, na hapa ndipo ninapokosa subira.

Kuna imani kwamba lenzi ikitengenezwa kwa ajili ya kropu, namba yake imeshazidishwa kiwandani. Yaani 30 ya kropu ni 30 kamili, ila 30 ya fulufremu ukiiweka kwenye kropu ndiyo inageuka 45. Nimelisikia hili kwa wauzaji, nimelisikia kwa watu wenye studio. Hapana. Milimita 30 ni milimita 30, kama kilo ya unga ilivyo kilo Tandale na Masaki. Ni kipimo cha lenzi yenyewe, hakijui kuna sensa gani nyuma yake. Sensa ya kropu inachukua kipande cha katikati tu, ndiyo maana unaona upana ambao fulufremu ingeuona kwa 45. Lenzi ya kropu na lenzi ya fulufremu, zote 30, ukizifunga kwenye bodi ileile ya kropu zinakupa upana uleule. Tofauti ni kwamba ile ya kropu haijapewa kioo cha kutosha kufunika sensa kubwa, ndiyo maana ni nyepesi na bei yake inavumilika. Kwa Canon kipimo cha kuzidisha ni 1.6 badala ya 1.5, tusigombane kwa hilo.

Hilo dogo. Kubwa ni f.

Mtandaoni kuna kambi mbili. Moja inasema f/1.4 ni f/1.4 popote, acheni uzushi. Nyingine inasema f/1.4 ya kropu "kwa kweli" ni f/2.1. Zote mbili zina nusu ya ukweli, na kila moja inamtukana mwenzake kwa nusu aliyonayo. Niliwahi kumkuta kijana kwenye mafunzo anapunguza kasi ya shata kwa makusudi kwa sababu kasoma kwamba f yake si f ya kweli. Picha zake zote zilikuwa nyeupe pe.

Mvua ya masika, bati linavuja. Weka sufuria ndogo na beseni chini ya mvua ileile kwa dakika tano. Kina cha maji kitalingana: vidole viwili kwenye sufuria, vidole viwili kwenye beseni. Hicho kina ndicho mita ya kamera yako inachopima, kwa hiyo f/1.4 na 1/200 na ISO 1600 zinatoa mng'ao uleule kwenye kropu na kwenye fulufremu. Kambi ya kwanza, pokeeni maua yenu. Lakini ukiyamimina maji yote kwenye ndoo, beseni lina maji mengi zaidi, na chenga zinategemea jumla ya maji, si kina. Kambi ya pili nao maua yao. Tatizo la kijana wangu ni kwamba kaenda kununua beseni, halafu kaliweka chini ya bati lisilovuja.

Mimi siku hizi nimeachana na kuzidisha. Nagawanya. Chukua milimita za lenzi, gawa kwa f, unapata upana wa kitundu, kile unachokiona ukiitazama lenzi kwa mbele. Kisha linganisha vitundu kwa picha ileile: umesimama palepale, fremu imejaa vilevile, shata ileile. Mwenye kitundu kikubwa ana mwanga mwingi zaidi na mandharinyuma iliyoyeyuka zaidi, sensa iwe yoyote. 56 kwa 1.4 ni milimita 40. Ile 70 yake kwa 5.6 ni milimita 12 na nusu. Arobaini dhidi ya kumi na mbili na nusu! Hapo huhitaji mwalimu. Fulufremu yenye 85 ya f/1.8 ina 47, haya, hapo kweli umepanda, ila umepanda ngazi moja ndogo, hujapaa.

Jaribu na zumu, lenzi inayovuta karibu na mbali. Sigma 18-50 ya f/2.8 ya kropu, gramu 290 hivi, inaingia mfuko wa koti: 50 kwa 2.8 ni milimita 18 kasoro. Fulufremu yenye 24-70 ya f/4: 70 kwa 4, milimita 17 na nusu. Ni kitundu kilekile. Mtu anauza mfumo mzima, anakopa vikoba, anabeba mzigo mzito, na picha ya ukumbini inatoka ndugu pacha wa ile ya zamani. Ili fulufremu ikulipe lazima ufike 24-70 au 28-75 ya f/2.8, milimita 25 na zaidi. Tamron ya 28-75 toleo la pili ni gramu 540. Sony 24-70 GM ya kwanza ni 886. Bega la kushoto langu linaijua hiyo tofauti kuliko jicho langu.

Mtasema, mbona wewe unapiga fulufremu. Ndiyo. Nilihamia baada ya miaka sita ya kropu, na niliyoyafuata ni haya: bodi ile ilikuwa na nafasi ya kadi mbili (kadi moja ilishawahi kunifia katikati ya ndoa ya kanisani, nikasema sirudii), na fokasi yake inamng'ang'ania mtu anayekuja kwa kucheza. Chenga zilikuwa sababu ya tatu. Na kuna ya nne ambayo siipendi kuisema: mwenyekiti wa kamati fulani aliwahi kunitazama na kamera yangu ndogo, akaniuliza "mpiga picha mwenyewe anafika saa ngapi?" Tangu nibebe dude kubwa bei yangu haijadiliwi sana. Sijui hapo nilipandisha ubora wa picha au nilinunua vazi. Niliwahi kuchanganya picha zangu za zamani na mpya, zote zimechapwa, nikajaribu kuzitenga bila kusoma taarifa zake. Za nje, mchana, Coco Beach, nilishindwa kabisa. Za ukumbini nilipatia nyingi, ila nadhani nilikuwa nazitambua kumbi.

Hata lenzi za praimu, zile zisizovuta kama zumu, ambazo hapa nazipigia debe, zina siku zinanitia wasiwasi. Kwenye kitchen party kina mama wanapoingia na khanga zao wakicheza, mlango mmoja, sekunde thelathini, mtu wa 56 anarudi nyuma mpaka anakalia keki. Kuna wakati zumu yenye chenga iliyopata picha ni bora kuliko praimu safi iliyokosa. Ndiyo maana natembea na bodi mbili, na ndiyo maana nalala Jumapili nzima.

Kabla hujanunua bodi, nunua flashi. Flashi moja, stendi moja, trigaa ya kuifyatua kwa mbali. Nasema hivi nikijua kumbi zetu: dari limefunikwa vitambaa vya mapambo, ukielekeza flashi juu kitambaa cha zambarau kinakurudishia zambarau, bibi harusi anatoka kama kapakwa juisi ya zabibu. Toa flashi kwenye kamera, iweke pembeni ya stendi ya MC, ielekeze kwenye ukuta mweupe au kwenye mwavuli. ISO 25600 inashuka mpaka 1600 bila kubadilisha kitu kingine chochote.

Na zima hiyo shata ya kimya. Kamera za mirolesi, zisizo na kioo cha kujigeuza ndani, zimewapa watu raha ya kupiga bila mlio, kisha wanalalamika picha zina mistari, mmoja umekatiza shela, mwingine umekatiza paji la uso wa padri. Sensa nyingi hazisomwi kwa mkupuo, zinasomwa mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, na taa zinawaka na kufifia wakati inasomwa. Umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo taa za kawaida zinapiga mara 100 kwa sekunde. Ukikaa kwenye 1/100 au 1/50 mara nyingi mistari inatoweka. Zile LED za jukwaani zina mapigo yao wenyewe, hapo rudi kwenye shata ya mitambo. Singeli ikishaanza, nani atasikia mlio wako?

Haraka haraka, mengine mnayoniuliza. Sensa inayotuliza mtikisiko inatuliza mkono wako, haitulizi wachezaji. Kwa 1/15 viti vitakuwa vikali na bwana harusi atakuwa mzimu. Wenye Canon M50, lenzi zenu za EF-M haziendi kwenye bodi za RF (mdomo mpya wa Canon), hakuna adapta ya kuokoa hilo, kwa sababu EF-M inakaa milimita 18 kutoka kwenye sensa na RF inataka 20. Lenzi za zamani za EF zinakaa 44, kwa hiyo adapta yake ni bomba tupu la milimita 24 lisilo na kioo, na zinafanya kazi vizuri. Nikon wanaotaka kuhamisha lenzi za AF-D zisizo na mota kwenda bodi za Z kwa adapta ya FTZ: itapiga, ila fokasi utazungusha kwa mkono.

Na ukinunua lenzi ya mtumba hapa Dar, iwashie tochi ya simu kwa nyuma, itazame kwa mbele. Joto hili na unyevu huu, lenzi ikikaa begini tangu masika mpaka vuli inaota kuvu, nyuzinyuzi kama utando wa buibui. Muuzaji atakwambia ni vumbi. Vumbi halina matawi.

Kijana nimemwambia asiuze tena kitu chochote mpaka tuonane. Anatafuta 85 ya f/1.8 ya mtumba, na Jumamosi ana send-off Tabata, kwa hiyo nimemwazima ya kwangu. Mdogo wangu, najua unasoma: irudi na kifuniko cha nyuma. Cha mwaka jana mpaka leo sijakiona.